Mwalimu wa Kiingereza, baht 23,000 na mchumba aliyeko Voi: niende Thailand?

Mwalimu wa Ganze ameuliza:

Hamjambo walimu wenzangu, na shikamooni mlionitangulia katika kazi hii.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na Fasihi, nina umri wa miaka 28, na kwa sasa ni mwanagenzi katika shule ya sekondari msingi kaunti ya Kilifi, ambako nalipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wenzetu 46,000 waliotutangulia waliingizwa katika ajira ya kudumu Januari 2025, nasi tuliokuja nyuma yao tumeambiwa tuvute subira. Ninajaribu kuivuta, ila mwenye nyumba yangu hana ya kwake.

Mwezi uliopita wakala mmoja wa Nairobi aliniletea mkataba wa kufundisha Kiingereza katika shule iliyoko kwenye mkoa mmoja wa kaskazini-mashariki mwa Thailand, kwa baht 23,000 kwa mwezi. Nikizibadilisha zinakaribia shilingi 90,000, yaani zaidi ya mara nne ya ninachopokea leo. Wakala anadai shilingi 180,000 za huduma yake, na nauli ni juu yangu. Baadaye niliona tangazo la shule hiyo hiyo mtandaoni: walimu wenye pasipoti za Uingereza, Marekani na Australia wanaahidiwa baht 35,000 kwa vipindi vile vile, na kila mwombaji anatakiwa aambatishe picha yake. Nimefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne na nina shahada ya kukifundisha, kwa hiyo sikujua nicheke au nikasirike.

Linaloninyima usingizi hasa ni jingine. Nina mchumba, mwalimu wa Hisabati mwenye ajira ya kudumu huko Voi. Barua ya posa ilishapelekwa, nusu ya mahari imeshatolewa, na harusi tuliipanga Desemba. Katika chumba cha walimu wananitania kwamba nikifika huko nitaoa huko huko na kutuma picha tu. Huwa nacheka pamoja nao. Nikibaki peke yangu sicheki.

Naomba aliyepita njia hii anieleze kama fedha hizo zinatosha kweli, maisha ya mwalimu Mwafrika katika mji mdogo wa kule yakoje, na kama kuna waliowahi kuubeba uchumba kwa umbali huo wakaufikisha salama.

Dada wa Khon Kaen amejibu:

Kaka, mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Tanga, na nilifundisha eneo hilo hilo la kaskazini-mashariki, linaloitwa Isan, kwa miaka minne katika shule mbili. Nitaanza na hesabu, kwa sababu wakala wako amekuonyesha upande mmoja tu wa daftari.

Chumba kizuri nje ya Bangkok nilikipata kwa baht 4,500. Umeme na maji vilikula 1,200, na miezi ya joto vilizidi, kwa sababu Aprili ya Isan hailaliki bila kiyoyozi. Chakula nilikadiria 6,500, maana sahani ya wali na mboga barabarani ilikuwa baht 50 au 60, na ukipika mwenyewe nyumbani hupungukiwi sana. Pikipiki ya kukodi pamoja na petroli ilikuwa 2,300, simu 500, na hifadhi ya jamii ilikatwa 750. Jumla ni 15,750. Kwa mshahara wa 23,000 unabakiwa na 7,250 kila mwezi, na hapo hujanunua shati wala kwenda kumtembelea rafiki.

Sasa tazama mkataba wako umeandikwa miezi mingapi. Mwaka wa shule kule huanza Mei na kumalizika Machi, na mikataba mingi inayopita kwa mawakala ni ya miezi 10. Ukikusanya 7,250 mara kumi unapata 72,500. Kisha ondoa 30,000 za kula na kulala katika ile miezi miwili isiyo na malipo, unabaki na 42,500, ambazo ni kama shilingi 165,000. Wakala amekudai 180,000. Maana yake mwaka wa kwanza wote utakuwa umemfanyia kazi yeye, na nauli bado hatujaigusa. Mwaka wa pili ndipo utaanza kujifanyia kazi mwenyewe, ikiwa shule itakuongezea mkataba.

Kuhusu tofauti ya mishahara, uliyoyaona ndiyo hali ilivyo, na Wafilipino, ambao ni wengi kuliko sisi, wanaijua zaidi. Pasipoti yako haimo katika orodha ya nchi wanazozihesabu kuwa za wazawa wa Kiingereza, basi mara nyingi utatakiwa uonyeshe matokeo ya TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza, alama 600 kwenda juu. Ufanye huo mtihani kabla ya kuondoka, kwa sababu ndiyo karatasi pekee utakayoweza kuiweka mezani unapodai nyongeza. Mimi nilianza na 22,000, na katika shule ya pili nikafika 30,000. Haikuwa huruma ya mtu: mwalimu mkuu wa pale alikuwa ameshaona madarasa yangu yanavyofanya mitihani.

Maisha yenyewe niliyapenda kuliko nilivyotarajia. Asubuhi unasimama langoni kuwaamkia wanafunzi, nao wanakuinamia viganja vikiwa vimekutana kifuani. Saa mbili bendera inapandishwa. Kisha unaingia kwenye darasa la watoto 45. Watakugusa nywele na kukuuliza maswali ambayo nyumbani yangekuwa matusi. Wiki za mwanzo yalinichosha, baadaye nikajifunza kuyajibu kwa Kithai na wao wakachoka kabla yangu. Unga wa ugali ni adimu, ila wali wao wa kunata unaoliwa kwa mkono utakufariji.

Katika mapenzi nitasema niliyoyaona, na wanaume wasinikasirikie. Walimu wa kiume wa kigeni tuliokuwa nao, hata wale wenye mshahara mdogo kama wangu, walikuwa wamepata mtu kabla ya muhula wa pili. Sisi wanawake wa Kiafrika tulikaa miaka bila kuulizwa hata jina la pili. Upweke huo hauandikwi katika tangazo lolote, nao ndio ulionirudisha Tanga, sio mshahara. Wala usidhani kuoa kule ni njia ya mkato: wana *sin sot*, mahari inayotolewa kwa wazazi wa binti, na mwalimu wa kigeni hudhaniwa kuwa na nyingi. Mwenzetu mmoja alitumia akiba ya miaka mitatu kwa siku moja.

Lakini neno ambalo hukuliuliza ni hili. Viza ya mwalimu, ile ya Non-B inayotolewa na ubalozi wao Nairobi, imefungwa kwa mwajiri. Ajira ikiisha, ruhusa ya kukaa nayo inaisha. Mke anaweza kukufuata kwa viza ya mtegemezi, naye hawezi kufanya kazi bila kibali chake mwenyewe. Mchumba hawezi kukufuata kwa njia hiyo, kwa sababu wanachotazama ni cheti cha ndoa, na barua ya posa kwao haisomeki. Kwa hiyo swali la harusi ya Desemba na swali la mkataba ni swali moja.

Mwalimu wa Muscat amejibu:

Mwalimu wa Ganze, dada amesema kweli kuhusu viza, nami naongeza upande wa Ghuba ili upate cha kulinganisha.

Nipo Oman mwaka wa sita, shule binafsi. Nilianza na rial 400, ambazo ni kiasi cha dola 1,040, pamoja na nyumba ya shule na tiketi ya kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Mshahara wangu haukatwi kodi ya mapato, na sheria ya kazi ya 2023 inampa mgeni kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliofanya kazi. Tangu Januari 2021, anayemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuomba barua ya kutokuwa na pingamizi, ambayo zamani ilikuwa kamba shingoni. Katika mkataba ambao bado haujaisha, hata hivyo, mwajiri ana nguvu kubwa juu yako.

Kwa mtu wa pwani kama wewe kuna faida nyingine. Hapa Muscat unaweza kuingia dukani ukasikia mzee anamkaripia mjukuu kwa Kiswahili cha Unguja, na Ijumaa ukaalikwa kula pilau na watu ambao babu zao waliondoka Zanzibar. Upweke wa aina aliyousimulia dada mimi sikuupata.

Ila usije kwa mapenzi. Uhusiano wa kimwili nje ya ndoa ni kosa la jinai, na mwalimu hutazamwa kuliko watu wengine. Hadi Aprili 2023 Mwomani aliyetaka kuoa au kuolewa na mgeni alihitaji ruhusa ya serikali. Sharti hilo limeondolewa, lakini familia hazibadiliki kwa amri ya siku moja. Waliotulia hapa, kwa jinsi ninavyowaona, ni wale waliokuja wakiwa na ndoa zao, wakapangiwa nyumba ya familia, na wake zao nao wakapata kazi ya ualimu. Mwalimu wa Hisabati, kwa taarifa yako, hutafutwa hapa kuliko mwalimu wa Kiingereza. Pengine mwenye nafasi ya kwenda ng'ambo kati yenu wawili si wewe.

Aliyerudi kutoka Guangzhou amejibu:

Nitakuwa mfupi. Wakala akishindwa kukupa Thailand atakutajia China kwa mshahara mara mbili. Kanuni ya kule inataka mwalimu wa lugha awe anafundisha lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada na uzoefu wa miaka 2, na kibali kipatikane kabla ya kusafiri, kwa viza ya kazi, ile ya Z. Anayekwambia uingie kwa viza ya biashara au ya masomo halafu karatasi zibadilishwe ukiwa huko anakuuza. Na tangu Julai 2021, serikali ilipobana biashara ya masomo ya ziada, vituo vingi vilivyokuwa vikituajiri vilifungwa. Changu kilifungwa tukiwa tunadai miezi miwili, na hadi leo tunadai.

Niliyebaki Nakuru amejibu:

Nimesoma swali na majibu yote, na kuna mtu mmoja ambaye sijamsikia. Mwalimu, umetueleza mchumba wako anafundisha somo gani na mahari imefika wapi, lakini hujasema yeye anasemaje.

Mimi nilikuwa mchumba wa aina hiyo. Mwenzangu alikwenda kufundisha Vietnam kwa mwaka mmoja, ukawa mitatu. Watu walikuwa wakiniuliza kama amepata mwanamke mwingine, na kusema haki hakupata. Kilichotushinda ni saa. Kule wako mbele yetu kwa saa nne. Nilipomaliza kusahihisha madaftari na kuketi, saa tatu usiku, kwake ilikuwa saa saba na alikuwa amelala. Alipopata nafasi yeye, mimi nilikuwa darasani. Tulibaki na Jumapili, na Jumapili ikawa siku ya kupeana taarifa za fedha: ametuma ngapi, karo ya mdogo wake imelipwa, kiwanja kimefikia wapi. Siku moja nikagundua kwamba tunazungumza kama mhasibu na tajiri wake, na sikukumbuka lini mara ya mwisho alinichekesha.

Sikuambii usiende. Nakuambia kwamba mkikubaliana uende, mkubaliane pia tarehe ya kurudi, na ijulikane kwa wazazi wa pande zote mbili kama inavyojulikana tarehe ya harusi. Sisi hatukuwa nayo. Kila mkataba ulipoongezwa niliarifiwa, sikuulizwa.

Na usimwombe aache ajira ya kudumu akawe mtegemezi kwenye viza yako ya miezi 10. Hilo hata kama atalikubali kwa mapenzi, wewe usilipokee.

Mwalimu wa Ganze amerudi:

Nawashukuru nyote. Dada wa Nakuru, maneno yako niliyasoma mara mbili, kisha Jumamosi nikapanda matatu hadi Voi.

Hesabu ya dada wa Khon Kaen nilimwonyesha mchumba wangu jinsi ilivyo. Yeye ni mtu wa Hisabati, akaikagua, akaongeza nauli, na akanionyesha kwamba nitarudi sifuri mwezi wa tano wa mwaka wa pili. Kisha akaniuliza swali ambalo wakala hajalijibu hadi leo: kama shule inatafuta mwalimu, kwa nini nisiiandikie mwenyewe?

Tumekubaliana hivi. Desemba tunafunga ndoa kama ilivyopangwa. Ni ya kiraia, kwa hiyo ilani ya siku 21 kwa msajili itawekwa mapema. Wakala hapewi hata shilingi. Nimejiandikisha kufanya TOEIC, na nimeziandikia shule tatu moja kwa moja nikiuliza kama mkataba ni wa miezi 12. Kuhusu Oman, mwenzangu amemwomba mwalimu wa Muscat, kama hatajali, aeleze walimu wa Hisabati huombaje nafasi, kwa sababu swali hilo ni lake, na amesema atakuja kuliuliza hapa kwa jina lake mwenyewe.

Shule moja imeshajibu. Wanataka picha.