Kumpeleka bibi Acadia mwezi wa nane

Kutoka: Mama Naima, Worcester

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Mombasa kwa viza ya matembezi, na watoto wamefunga shule. Baba Naima amepata likizo katikati ya Agosti, basi ameshikilia twende Acadia, hifadhi ya taifa kule Maine, tukatembee milimani na kuona bahari. Mimi sina neno, ila bibi ana magoti na mdogo wetu ana miaka mitano. Tena nimesikia wageni sasa wanatozwa dola mia getini. Ni kweli au ni maneno ya WhatsApp? Aliyewahi kwenda na wazee atuambie inakuwaje.

Kutoka: Bakari, Portland

Wa alaykum salaam Mama Naima, karibuni Maine.

Dola mia ni kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2026, asiye mkaazi wa Marekani mwenye miaka 16 au zaidi anatozwa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika hifadhi 11 zinazojaa watu, na Acadia imo. Kiingilio chenyewe ni dola 35 kwa gari, siku saba. Nyinyi mtaonyesha leseni ya udereva au kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu. Bibi na pasipoti yake ya Kenya ndiye atakayehesabiwa. Kama kuna mtoto aliyemaliza darasa la nne mwaka huu, mwombeeni ile pasi ya bure ya wanafunzi wa darasa hilo, inafanya kazi mpaka mwisho wa Agosti na itawaokoa na zile 35. Mkiona mia ni nyingi, Camden Hills ni hifadhi ya jimbo, mtu mzima analipa dola chache tu. Gari linapanda mpaka juu ya Mount Battie, na kutoka pale ghuba ya Penobscot yote na visiwa vyake iko chini yenu. Mimi wazee wangu naanzia huko.

Lakini mkiamua Acadia, shauri langu ni moja: msiipange safari kwa vilele, ipangeni kwa maji na kwa basi.

Nianze na maji. Pale mjini Bar Harbor, maji yakipwa hutokea ulimi wa changarawe unaokwenda mpaka Bar Island, na watu huvuka kwa miguu. Una saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa na saa moja na nusu baada yake, basi. Bahari ya huku inapanda na kushuka mita tatu na zaidi, kwa hiyo bibi wa Mombasa hatahitaji kufundishwa, yeye ndiye atakayewaambia muda wa kurudi. Wanaohitaji kufundishwa ni wale wanaoegesha gari juu ya changarawe, wakaenda kupiga picha, wakarudi wakakuta linaoga. Bibi akivuka avae viatu vyenye soli ya kushika, mwani unateleza, na mawe yamejaa magamba yanayokata.

Basi linaitwa Island Explorer. Ni la bure, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Oktoba. Agosti maegesho ya Sand Beach na Jordan Pond yanajaa mapema asubuhi, na nimeona ndoa zikitikisika kwa kuzunguka kutafuta nafasi ya gari. Acheni gari mlipolala, pandeni basi. Mkishuka Sand Beach shikeni Ocean Path, inafuata ukingo wa bahari mpaka Otter Point, kama maili mbili. Mwendo wake ni tambarare kwa sehemu kubwa, na anayechoka anakaa juu ya mwamba anangoja basi linalofuata. Njiani kuna Thunder Hole, ufa ambao wimbi likiingia vizuri linapiga kama mzinga. Mtoto ashikwe mkono hapo. Mwaka 2009 mawimbi ya kimbunga Bill, kilichokuwa mbali baharini, yalifagia watazamaji kutoka kwenye miamba hiyo na mtoto wa miaka saba akafa. Siku bahari inapochafuka, walinzi wakisema rudini nyuma, rudini.

Kwa magoti ya bibi hakuna kinachoshinda zile barabara za farasi alizojenga tajiri John D. Rockefeller Mdogo kati ya 1913 na 1940. Ziko maili 45 ndani ya hifadhi, kokoto laini zilizoshindiliwa, miinuko ya taratibu, madaraja ya mawe, na gari lenye injini haliruhusiwi. Mzee alitaka kusikia kwato, siyo injini. Pale Jordan Pond mwacheni bibi kwenye bustani ya mkahawa na chai na popova, mkate mwepesi wenye uwazi ndani unaoliwa na siagi na jemu, nyinyi mzunguke ziwa. Ni maili tatu na kitu, na upande wa magharibi ni mawe na mbao nyembamba juu ya tope, kwa hiyo asidanganywe kwamba ni tambarare.

Cadillac, kile kilele cha mita 466 ambacho kila mtu anakitaka, gari linahitaji tikiti yake pekee ya dola 6, mbali na kiingilio. Haiuzwi pale juu, inanunuliwa mtandaoni Recreation.gov. Nyingi hufunguliwa siku mbili kabla, saa nne asubuhi, na za macheo huisha upesi sana. Basi la bure halipandi huko. Na Agosti ukungu unaweza kuwafanya mlipie kutazama ndani ya jagi la maziwa. Mimi ningeacha.

Kutoka: Wanjiru, Lowell

Hamjambo. Bakari umewapangia safari ya wazee watupu! Baba Naima naye amesema anataka kupanda mlima.

Aende Beehive asubuhi na mapema huku wengine wako Sand Beach, ziko karibu. Kilele hakifiki mita 160, lakini usikidharau. Mwamba ni wa rangi ya waridi, na wamechimbia vyuma vya kukanyaga na kushikilia. Kuna mahali unapita juu ya nondo zilizolazwa kwenye pengo, ukitazama kati ya miguu yako unaona miti. Ukianza, endelea mpaka juu, ushukie njia ya nyuma kupitia kijiziwa cha The Bowl, kwa sababu kupishana na wanaopanda ni hatari. Mvua ikinyesha, usiguse. Mtoto wa miaka mitano abaki chini. Precipice, ile ndefu zaidi, kwa kawaida hufungwa mpaka katikati ya Agosti kwa sababu ndege aina ya kozi wanalea makinda kwenye genge lile, basi atazame tangazo kwanza.

Halafu Cadillac bila ukungu si ya kuachwa, Bakari. Wewe unaishi jirani, unaweza kuringa.

Kutoka: Papa Elie, Lewiston

Jambo kwenu ndugu. Mambo matatu ambayo hamjayasema.

Kupe. Wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme. Soksi juu ya suruali, na jioni kagueni watoto nyuma ya magoti, makwapani, nyuma ya masikio. Ni wadogo sana, tumieni tochi.

Kuni. Kama mtalala kwenye hema, msibebe kuni kutoka kwenu Massachusetts, jimbo la Maine limekataza kwa sababu ya wadudu wanaoua miti. Zinauzwa kando ya barabara karibu na kambi. Sisi mkaa na samaki tunabeba, na sombe, yaani kisamvu, inapashwa vizuri kabisa kwenye sufuria.

Karatasi. Mwenye kadi ya kijani na miaka 18 au zaidi, sheria inamtaka aibebe. Bibi abebe pasipoti yenyewe, siyo picha ya simu.

Kutoka: Mama Naima, Worcester

Nawashukuru sana, Mungu awalipe. Baba Naima amesoma habari ya Beehive mara mbili na ananunua buti. Bibi anasema dola mia ni mbuzi mzima, lakini akasikia habari ya kuvuka bahari kwa miguu akanyamaza, naona tutalipa. Swali la mwisho: watoto wanaweza kuogelea?

Kutoka: Bakari, Portland

Sand Beach hata kiangazi maji hayazidi sana nyuzi 13, watatoka midomo imekuwa ya buluu. Wapelekeni ziwa la Echo Lake, upande wa magharibi wa kisiwa kile kile chenye Bar Harbor, maji yasiyo na chumvi na yenye joto la kuvumilika, na mchanga upo. Sweta za jioni msisahau.

Kutoka kwenu mpaka Bar Harbor ni saa tano hivi. Mkiondoka Ijumaa jioni lalieni hapa kwetu, ni saa tatu tu kesho yake. Chumba kipo, ila tuna paka, na analala anapotaka yeye.