Naomba ushauri: picha ya kahawa inanata, na mteja anataka kuitundika penye jua

Msanii_Tanga
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mchoraji, niko Tanga mjini. Siku hizi nachora kwa kahawa tu, maana hudhurungi yake sijaipata kwenye rangi yoyote ya dukani. Mgahawa mmoja umeniagiza picha kubwa: wazee barazani wanacheza bao, na muuza kahawa kasimama na dele lake, lile birika la kahawa.

Sasa nimekwama. Nikipaka tabaka la pili, la kwanza linafutika. Kwenye vivuli nakoroga kahawa nzito sana, inakauka ikiwa na mng'ao na ukiigusa inanata. Halafu mwenye mgahawa anataka kuitundika ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, na ameniuliza itadumu miaka mingapi. Sitaki kumdanganya mtu anayenilipa. Natumia kahawa ya kopo, ile ya kuyeyuka, bila sukari wala maziwa.

Binti_Pangani
Hongera kwa kazi, kaka. Umefanya vizuri kuepuka sukari, maana picha ingeliwa na sisimizi kabla haijafika kwa mteja. Ila kahawa ya kuyeyuka yenyewe inavuta unyevu. Acha kopo wazi msimu wa masika uone unga unavyogandamana. Ukiipaka nzito kwenye karatasi inafanya hivyohivyo, na kwa hewa yetu ya pwani haitaacha kunata.

Giza usilitafute kwa uzito wa kahawa, litafute kwa wingi wa tabaka. Koroga vikombe kadhaa, kuanzia maji yaliyobadilika rangi kidogo tu hadi kahawa kali inayobaki kuwa majimaji kabisa. Anza na nyepesi picha nzima, iache ikauke hadi karatasi isiwe na ubaridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono, ndipo uongeze. Palipo na mwanga, kama kanzu ya mzee au mng'ao wa dele, usipaguse. Weupe wako ni karatasi yenyewe.

Kuhusu kufutika: kahawa haina gundi ya kuishikilia, hata ikikauka maji yakiigusa inaamka. Tumia brashi laini iliyoshiba, pitisha mara moja, usirudi nyuma. Anayesugua ndiye anayefuta. Na karatasi iwe ya rangi za maji, ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi nyembamba inajikunja na kahawa inakusanyika kwenye mabonde.

Kalamu_Nyeusi
Mimi naongeza gamu arabiki kidogo, ile gundi ya migunga inayotoka sana Sudan, ndiyo wanayotumia pia kutengenezea rangi za maji. Inashika vizuri na vivuli vinakolea. Na kahawa nikiitunza kwenye chupa naweka tone la mafuta ya karafuu isiote ukungu.

Binti_Pangani
Kweli kabisa, ila asije akadhani gamu inazuia maji. Nayo inayeyuka, kwa hiyo mkono mwepesi uko palepale.

Chui_wa_Bukoba
Huku kwetu kahawa ni maisha. Mimi sioni shida ya jua. Kahawa ikimwagikia shati jeupe, doa halitoki! Mwambie mteja itadumu.

Fundi_Fremu_Moshi
Hapana mkuu, hapo tutampoteza mwenzetu. Doa kugoma kutoka kwa sabuni ni jambo moja, kustahimili jua ni jambo jingine. Hudhurungi ya kahawa inatokana na kukaangwa kwa buni, na mwanga wa jua unaivunja taratibu. Picha hizi zinaletwa kwangu kuwekewa fremu. Zilizokaa penye jua zinapauka, zilizokaa kivulini zinabaki na afya yake.

Msanii, jaribu mwenyewe. Chukua kipande cha karatasi hiyohiyo, paka mistari kuanzia nyepesi hadi kali, funika nusu kwa kadibodi, kiweke dirishani. Baada ya wiki kadhaa ondoa kadibodi, kisha mwonyeshe mteja. Usimtajie idadi ya miaka, hakuna mtu anayeweza kuiapia. Mshauri achague ukuta usiofikiwa na jua. Akikataa, skani picha kwa ubora wa juu kabla haijatoka mkononi mwako, chapisha kwa wino mzuri. Nakala ikae juani, halisi ikae ndani.

Vanishi ya majimaji ya kupaka kwa brashi usithubutu, itazoa kazi yako yote. Tumia ya kupuliza, kwa mbali, tabaka jembamba, acha likauke, kisha rudia tena. Hiyo itakulinda na vidole na unyevu, lakini haizuii jua. Fremu iwe na kioo, na kioo kisigusane na karatasi, weka pambizo la kadibodi katikati.

Msanii_Tanga
Nashukuruni sana. Kipande cha majaribio nakiweka dirishani leo. Swali la mwisho: ndani ya mdomo wa dele nataka weusi kabisa, na tabaka za kahawa zinaishia hudhurungi. Nitie wino mweusi?

Kalamu_Nyeusi
Tia, ila kidogo, na uwe wino usioyeyuka ukikauka. Na nyuma ya picha andika kahawa na wino, usiandike kahawa tupu. Mteja ana haki ya kujua alichonunua.

Binti_Pangani
Mimi nisingetia. Fanya kilicho jirani na mdomo huo kiwe chepesi zaidi, jicho litauona mweusi. Jaribu pembeni kwanza, wino ukishaingia hautoki.