Naomba ushauri: tamthilia ya mvumbuzi aliyepotelea safarini

Wakuu, habari za saa hizi. Naandika tamthilia ya redio ya upelelezi, ule mtindo wa kizamani: honi ya treni, viatu vikigonga koridoni, mtu anaongea kwa kunong'ona. Kisa ni cha Louis Le Prince, Mfaransa aliyeishi Leeds, Uingereza. Oktoba 1888 alinasa picha zinazotembea kwenye bustani ya Roundhay. Ni sekunde chache tu, bibi mmoja anarudi kinyumenyume, koti la mzee linapepea. Thomas Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, alikuwa bado hajaonyesha filamu yoyote.

Tarehe 16 Septemba 1890 akapanda treni Dijon kwenda Paris. Hakufika. Si mwili, si mizigo, hakuna kilichoonekana. Mwaka 1898 mwanawe Adolphe akasimama mahakamani Marekani, kwenye kesi ambayo Edison alidai uvumbuzi wa kamera ya filamu ni wake.

Nilipokwama ni kwa mtuhumiwa. Familia ilimshuku Edison, ila ushahidi hakuna, na kumbambikia marehemu mauaji naona si haki hata kama ni mchezo. Nikibuni muuaji, wasikilizaji watasema nimekwepa. Nikiacha fumbo wazi, je, watavumilia vipindi vyote halafu wasipewe jibu?

Pia mwenzangu anataka mjane asimulie, mimi namtaka Adolphe kizimbani. Na ile filamu isiyo na sauti nitaisikilizishaje redioni? Waliowahi kuandika michezo ya redio, naombeni msaada.