Nimeanguka na boda, harufu sisikii tangu mwezi wa tatu

Wakuu habari zenu, nilidondoka na boda nikapiga kisogo, kidonda kimeshapona ila harufu sisikii kabisa, juzi maharage yameungua jikoni na mimi nipo sebuleni naangalia mechi mpaka jirani akaja kugonga mlango. Pua haijaziba. Itarudi kweli?

>> Pole sana mkuu. Neva za harufu ni vinyuzi vyembamba vinapita kwenye vitundu vya mfupa juu ya pua, ubongo ukitikisika vinakatika, hata ukipiga kisogo. Zinaweza kuota tena ila taratibu, miezi hadi mwaka na zaidi, na ya ajali ni ngumu kuliko ya mafua au korona. Muone daktari wa masikio, pua na koo. Ukiona pua inachuruza maji yasiyo na rangi wahi hospitali leo leo.

>> Mi yangu ya korona 2021. Nilinusa karafuu, limau, mkaratusi na waridi, sekunde 20 kila kimoja asubuhi na jioni, miezi minne. Kahawa ilirudi ikinuka tairi linaloungua 😂 daktari akasema neva zinajiunga upya

>> Na mtungi wa gesi toa nje ndugu yangu