Ushauri: nyumba ya magogo, nipake rangi kwa brashi au kwa bomba?

Mwenye Magogo
Wakuu, habari za muda huu. Nina nyumba ya magogo ya mviringo. Nje yamepauka yakawa kijivu, na huku chini yana ukungu mweusi. Haijawahi kupakwa chochote. Nimeshaisafisha, rangi ya mbao ninayo, ile ya mafuta inayopenya, na jukwaa limeshasimamishwa. Swali langu ni moja: nitumie brashi, rola au bomba la kupulizia? Naombeni majibu mapema, mawingu yameanza kujikusanya na usingizi siupati.

Baba Randa
Brashi. Bomba lina kasi lakini rangi inakaa juu juu. Ukipuliza, lazima mwenzako afuate nyuma na brashi aisukume iingie kwenye nyufa na maungio. Rola inagusa tumbo la gogo tu, kwenye maungio haifiki.

Mama Msasa
Kabla ya brashi: "nimeshaisafisha" kwa kutumia nini, na lini?

Tulia Kwanza
Mimi ningeuza nikajenga ya matofali. Shemeji yangu alikuwa na banda la magogo, bungua wakalitafuna mpaka usiku ukilala unawasikia. Akapaka vanishi juu akidhani amewafungia, wakatokea upande wa pili. Mpaka leo ukimtajia mbao anabadilisha mazungumzo.

Mwenye Magogo
Mama Msasa, nimeosha kwa mashine ya presha. Pametoka peupe kabisa, mngeona mngependa.

Mama Msasa
Presha ya kiasi gani? Maji matupu au na dawa?

Mwenye Magogo
Mashine ya kukodi, psi 3,000 (hicho ndicho kipimo cha nguvu ya maji). Kwanza nilipiga blichi ya klorini kuua ukungu, kisha nikasuuza. Jamani, swali lilikuwa brashi au bomba.

Gogo Kavu
Swali lako limeshahama, mkuu, vumilia. Presha hiyo ni ya kusafishia zege. Kwenye magogo watu wanaanzia psi 500 na ni nadra kupita 1,000, kwa ncha pana ya digrii 40, umbali wa futi moja au zaidi. Pita mkono kwenye ukuta. Kama una manyoya manyoya, hizo ni nyuzi za mbao zilizochanika, na rangi itashika nyuzi badala ya gogo. Yatoe kwa msasa namba 60 mpaka 80, usiende laini zaidi ya hapo maana mbao iliyolainishwa sana hainywi rangi. Brashi ya waya wa chuma usiiguse. Vipande vyake vinabaki kwenye mbao, vinashika kutu, unabaki na madoa meusi.

Blichi inaua ukungu, sikatai, lakini ikiwa kali au ikikaa muda mrefu inakula nyuzi na misumari, na usipoisuuza vizuri inaacha chumvi zitakazosumbua rangi. Wengi tunaosha kwa dawa ya kusafishia mbao inayoitwa sodiamu pakaboneti: unapaka kuanzia chini kwenda juu ili isiache michirizi, unasugua kwa brashi ya nailoni, unasuuza kuanzia juu. Baadaye asidi ya oksaliki kidogo, inarudisha rangi ya asili ya mbao na kutuliza ukali wa dawa ya kwanza.

Kijana Mbao
Si achanganye tu blichi na hiyo asidi kwenye ndoo moja, apige mara moja amalize?

Gogo Kavu
HAPANA. Blichi ya klorini ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua. Tafadhali futa ulichoandika, kuna mtu atasoma hapo tu aondoke.

Mzee Subira
Vijana wa siku hizi mnapenda kumaliza kuliko kufanya. Gogo limesimama msituni miaka na miaka, wewe unataka likutii kwa siku moja. Mheshimu aliyelikata na aliyelipanga.

Mama Msasa
Mwenye Magogo, umepima unyevu? Kipima unyevu cha sindano mbili hakikosi kwa mtu mwenye nyumba kama hiyo. Mbao iwe chini ya asilimia 19, na mimi sipaki kabla haijafika 15. Presha ya 3,000 imesukuma maji ndani ya nyufa, huko jua haliingii.

Mwenye Magogo
Kwa macho ni pakavu. Halafu niseme tu, ukuta wa nyuma nimeshaupaka jana jioni. Msinishambulie. Jukwaa lina siku zake, mvua inakuja, na ukuta mtupu ukinyeshewa si ndiyo mbaya zaidi? Maelezo ya kopo yanasema mbao "safi na kavu", na ukuta ulikuwa hivyo. Ila sehemu ya juu, chini ya paa, bado inanata, na vile vipande vya kung'aa vilivyokuwa vinabanduka nikiosha vimeanza kutokea tena.

Jicho Kali
Subirini. Post ya kwanza: "haijawahi kupakwa chochote." Sasa kuna vipande vya kung'aa vinabanduka. Mbao isiyopakwa kitu inabanduka nini? Na hakuna hata picha moja. Wakuu, hii ni chai. Baadaye ataleta jina la rangi ya kununua, mtaona.

Kijana Mbao
Nilihisi pia. Kwanza nani anaosha magogo kwa psi 3,000 halafu anauliza brashi?

Tulia Kwanza
Hata ya shemeji yangu mlisema chai, wakati mimi mwenyewe niliwasikia hao bungua.

Mwenye Magogo
Inaniuma mtu akiniita mwongo wakati nimekaa hapa na rangi mikononi. Nyumba nimeinunua. Aliyeniuzia alisema haijapakwa, nikaangalia ukuta wa mbele, wote kijivu, nikaamini. Picha hizo hapo nimeweka, pamoja na ya chini ya paa.

Mama Msasa
Nimeziona. Jicho Kali, umeshika jambo lenyewe, ila umelipa tafsiri nyingine. Ilipakwa. Upande wa jua na mvua vanishi iliisha ikaondoka yote, mbao ikageuka kijivu. Chini ya paa jua halikufika, kwa hiyo ipo mpaka leo, na rangi inayopenya haina pa kupenya, ndiyo maana inanata. Mwaga maji kidogo kila mahali. Yakinywewa, mbao iko wazi. Yakikaa matone matone, kuna kitu juu yake.

Jicho Kali
Sawa, kwa picha hizo nimeelewa. Samahani mkuu.

Gogo Kavu
Basi huko juu ni dawa ya kutolea vanishi au kupuliziwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ukitumia dawa, rudi kwenye asidi ya oksaliki. Mbao ikishakuwa wazi, ndipo upake borati, dawa ya kukinga mbao dhidi ya bungua na kuoza, maana borati haipiti kwenye vanishi. Nyufa zinazotazama juu zenye upana wa milimita 6 na zaidi zizibwe, zinakusanya maji kama bakuli. Usizibe kwa silikoni ya kawaida, rangi haishiki juu yake.

Baba Randa
Matambara uliyofutia rangi ya mafuta yako wapi? Kama umeyakunja ukayarundika kwenye kona, yatoe sasa hivi. Yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka. Yatandaze nje au yaloweke kwenye chombo cha chuma chenye maji.

Mwenye Magogo
Matambara nimeyatoa, asante sana. Nimeazima kipima unyevu: magogo ya juu 16, ya chini upande usio na jua 24. Ukuta wa nyuma siubandui, nitausubiri ukauke. Ila hizo kuta nyingine, naweza kupaka magogo ya juu leo, ya chini yafuate yakikauka?

Mama Msasa
Ukuta wa nyuma utabanduka wenyewe kule juu, utaniambia. Hizo kuta nyingine: funika kwa turubai zisiguse mbao, hewa ipite. Zikikauka, paka gogo mbili au tatu kwa wakati mmoja, kutoka kona mpaka kona bila kukata katikati, ukifuata kivuli. Na leo hata ya juu usipake, bado hujapiga msasa.

Kijana Mbao
Na mimi mwenye baraza la mbao, maji ya oksaliki nasubiri muda gani?