Mteja analalamikia bei: kushusha, kuchanganua, kukataa, au kupunguza kazi?

Mpaka Rangi
Wakuu, naombeni uzoefu wenu. Napaka rangi, najitegemea, sina msaidizi wa kudumu. Kila nikitaja bei mteja anashtuka: "Kupaka tu hela yote hiyo?" Mpaka sasa nimejaribu njia tatu.

Kwanza, kushusha bei palepale. Kazi napata, ila nikimaliza na kupiga hesabu nakuta nimebaki na hela ya nauli. Halafu akinielekeza kwa jirani yake, bei ninayoikuta kule imeshatangulia, nayo ni ile niliyoshusha.

Pili, kumpa mchanganuo: rangi kiasi hiki, msasa kiasi hiki, ufundi kiasi hiki. Hapo anaanza kukata mstari mmojammoja, na mstari wa kwanza kukatwa ni ufundi.

Tatu, kukataa na kuondoka. Wiki iliyopita nimekataa kazi mbili. Leo niko nyumbani, brashi zimekauka.

Nyie wenzangu mnatumia njia ipi?

Fundi Bomba
Mkuu, ipo ya nne, na ndiyo iliyoniweka mjini: bei ishuke pale tu kazi inaposhuka. Mteja akisema ni ghali, sibishani naye. Namuuliza amejipanga kwa kiasi gani. Akishataja, tunaichukua orodha ya kazi na kuangalia pamoja nini kisubiri. Mimi nitabadilisha bomba lililooza na koki zinazovuja, mabomba mengine tutayarudia akijaliwa. Kwako wewe, mteja anaweza kuhamisha vyombo mwenyewe, au chumba kimoja kikasubiri, au dari ikaachwa.

Usichothubutu kukitoa ni kukwangua, kupiga msasa na koti la msingi, ile rangi ya kwanza ya kushikisha. Rangi ikibanduka hatakumbuka kwamba alilipa kidogo. Atakachowaambia watu ni kuwa umelipua kazi.

Na ukishusha bei bila kutoa chochote, umemthibitishia kwamba bei ya kwanza ulimpandishia. Safari nyingine ataanza na nusu.

Mchomelea Vyuma
Kuhusu kushusha, shikeni kalamu. Tuseme bei yako ni 100, gharama zako 70, unabaki na 30. Ukimpunguzia asilimia 10 unapokea 90, gharama ni zilezile 70, unabaki na 20. Yeye ameokoa sehemu moja ya kumi ya bei, wewe umepoteza theluthi ya faida. Zamani kazi mbili zilikuachia 60. Sasa ili ufike hapo unahitaji kazi tatu. Ile ya tatu umeifanya kwa macho na mgongo wako, bure kabisa.

Jambo la pili ni saa, na hapa naona mafundi wengi tunaumia bila kujua. Tunapanga bei kwa muda ambao tumeshika kifaa mkononi. Mimi niliandika kila kitu kwenye daftari mwezi mzima. Katika wiki ya saa 40, saa nilizolipwa hazikuzidi 25. Nyingine zilikwenda kwenye kukagua kazi ambazo sikupewa, kutafuta vyuma, kumsubiri mtu afungue mlango, kufuatilia madeni. Maana yake, kila saa moja inayolipwa lazima ibebe saa moja na dakika 36 za maisha yangu. Hapo bado hujagusa mashine inayochakaa wala siku utakayougua. Tangu nilipoipata hesabu hiyo nataja bei bila sauti kutetemeka, na naamini mteja anaisikia tofauti.

Mteja Tu
Naomba niseme na mimi, japo si fundi. Wengi wetu hatulalamikii ukubwa wa bei. Tunaogopa bei inayokua. Niliwahi kupatana na fundi bei moja, siku ya pili saruji haitoshi, siku ya tatu kuna kazi "haikuwemo", na nyumba imeshabomolewa, nitakwenda wapi? Toka hapo bei yoyote naitazama kwa woga.

Mara iliyofuata nilipata mafundi wawili. Aliyeandika kilichomo na kisichomo ndiye niliyempa kazi, na alikuwa ghali kuliko mwenzake. Tafadhali, mnapotutajia namba, tuambieni kama ni makadirio au ndiyo bei ya mwisho. Nisipoambiwa, mimi naichukua kuwa ya mwisho.

Seremala
Dada mteja amenisaidia kusema. Mchanganuo sio mbaya, Mpaka Rangi, ila umechanganua kitu ambacho sicho. Usivunje hela, vunja kazi. Mimi naorodhesha kila ninachofanya, hatua kwa hatua, halafu chini kabisa naweka bei moja. Mteja anaona ni kazi nyingi, na hana mstari wa kukata bila kukata kazi yenyewe.

Kazi unayoijua vizuri, ipe bei ya jumla. Kazi ya kubomoa usipojua ndani kuna nini, kama paa lililoliwa na mchwa, fanya kwa siku, ila mwekee ukomo: "Zisizidi siku tatu bila wewe kukubali."

Halafu kuna mteja anayetaka anunue vifaa mwenyewe ili aokoe. Mmoja aliniletea mbao mbichi. Mlango ulipopinda, lawama zote zikanijia mimi. Siku hizi sikatai, ila naandika kwamba dhamana yangu ni ya ufundi, si ya mbao alizonunua.

Fundi Umeme
Naunga mkono kupunguza kazi, lakini kwenye umeme ina mpaka. Taa za mapambo tutatoa, soketi za ziada tutatoa. Waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja) na kikata umeme (kinachozima umeme kukiwa na hitilafu) sitoi, hata mteja akasirike. Akisisitiza, hapo narudi kwenye njia ya tatu, naaga kwa heshima na kumwachia namba yangu.

Mpaka Rangi
Wakuu, nawashukuru sana. Jana nilimpigia mmoja wa wale niliowakataa, nikamuuliza amejipanga kwa kiasi gani. Kumbe pungufu yake ilikuwa ni ule ukuta wa nje tu, nao hana haraka nao. Vyumba vyote ninapaka kwa bei yangu ileile, vyombo anahamisha mwenyewe. Hela ya rangi niidai kabla au nitangulize yangu?

Fundi Bomba
Kabla, mkuu. Malipo ya awali yatoshe vifaa vyote, inayofuata vyumba vikifika nusu, ya mwisho siku ya kukagua pamoja. Ukitanguliza yako, siku akibadili mawazo utabaki na ndoo za rangi aliyoichagua yeye.

Mpaka Rangi
Sawa, nimeandika hivyohivyo na amekubali. Mstari wa mwisho kwenye karatasi nimeweka: "Ukuta wa nje haumo." Naanza Jumatatu.