Wafanyakazi wanaondoka msimu ukikaribia: nianzie wapi?

Afisa Utumishi, Arusha
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia wafanyakazi katika hoteli moja hapa mjini, na kila msimu wa wageni wa Juni hadi Oktoba unapokaribia tunapoteza watu tuliowafundisha wenyewe, ambao wengi huhamia Karatu au Zanzibar. Uongozi unaamini kwamba tatizo ni mshahara. Sikubaliani nao, kwa sababu ugomvi wa jikoni na mapokezi juu ya bakshishi umefikia hatua ya watu kutosalimiana, na msimamizi wa zamu huwakaripia wahudumu mbele ya wageni. Nianzie wapi?

Mstaafu wa hoteli, Moshi
Anzia kwenye sanduku la bakshishi, ndugu yangu. Nilikofanya kazi, sanduku lilikaa mapokezi na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja, hivyo mpishi aliyeamka saa kumi alfajiri kuwaandalia wapanda mlima kifungua kinywa hakujua kilichoingia wala kilichotoka. Tulilihamishia kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi, likawa linafunguliwa kila Jumamosi mbele ya mwakilishi wa kila idara, na kiasi kikaandikwa kwenye daftari ambalo hata dobi aliruhusiwa kulisoma. Manung'uniko hayakuisha, lakini watu waliacha kutuhumiana wizi wakaanza kubishania mgawo, na mgawo unazungumzika. Huyo msimamizi aonywe kwa maandishi.

Mshauri wa mahusiano kazini, Arusha
Nakubaliana na mzee wetu, ila kagua pia ratiba ya zamu, maana uchovu huzaa ugomvi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Zaidi ya hayo, anayejiuzulu kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa, akafungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa hiyo barua inayotaja "sababu binafsi" isikutulize. Zungumza na kila anayeondoka, wewe mwenyewe, msimamizi wake asiwepo.

Afisa Utumishi, Arusha
Ahsanteni sana. Nimefungua ratiba ya mwezi huu na kumkuta kijana wa mapokezi aliyepangiwa zamu za usiku wiki mbili mfululizo bila siku ya kupumzika. Ninaibadilisha leo, na suala la sanduku nitaliwasilisha kwenye kikao cha Jumatatu.